Tundu kwenye boriti ya kimo kirefu: chora njia ya mzigo kwanza

Fundi bomba akitaka tundu kwenye boriti, mimi huanza kwa kupima kimo. Kwa ACI 318, kanuni ya zege ya Marekani, boriti ni ya kimo kirefu ikiwa nafasi safi kati ya nguzo haizidi mara 4 ya kimo chake. Eurocode 2, kanuni ya Ulaya, inataka iwe chini ya mara 3. Humo mzigo hushuka kwa mshazari hadi kwenye nguzo, ukiligandamiza zege la njia hiyo. Hesabu za boriti ya kawaida ziweke kando.

Tuseme upana ni milimita 300, kimo mita 1.5, nguzo ziko mita 3.9 kati kwa kati, na mzigo wa kilonyutoni 1,200 umekaa juu katikati. Kila nguzo inapokea 600. Kati ya mgandamizo wa juu na nondo za chini kuna kama mita 1.2, basi mshazari umelala nyuzi 32 hivi. ACI hairuhusu chini ya 25. Mshazari unabeba takriban 1,145, nondo za chini zinavutwa kwa 975. Ncha za nondo hizo zishikwe imara juu ya nguzo. Mimi hukagua hapo kabla ya pengine popote.

Sasa chora mishazari yote miwili kwa upana wake halisi, maana mstari mwembamba wa kalamu unadanganya. Tundu likae nje yake: katikati, chini ya mzigo na juu ya nondo za mvuto, au kwenye pembe ya juu, juu ya nguzo. Hapo boriti hupoteza nguvu kidogo tu. Likikaa juu ya mshazari, nguvu hushuka vibaya, kwa kuwa mzigo unalazimika kuzunguka juu na chini ya tundu.

Haliwezi kuhama? Lipunguze, lifanye duara, kisha kokotoa upya njia zote mbili za kuzunguka. Nyufa huanzia kwenye ukingo wa tundu unaoelekea mzigo na ule unaoelekea nguzo, kwa hiyo weka nondo za mshazari zinazozikata nyufa hizo, juu na chini ya tundu. Zinasaidia kuliko kurundika ringi, zile nondo za wima zinazoizunguka boriti.

Wavu wa kawaida wa nondo usiachwe: 0.0025 ya eneo la zege, wima na mlalo. Kwa boriti hii, nondo za milimita 10 nyuso zote mbili, kila milimita 200, zinatosha.

Bomba la kuachia tundu lifungwe kabla ya kumwaga zege. Mashine ya kutoboa ikija baadaye, itakata nondo zilezile ulizozikokotoa.