Kutoka kufundisha chuo mpaka umeneja wa bidhaa, mambo niliyojikwaa nayo

Wenzangu mlioko chuoni Tunguu, Zanzibar, mnasahihisha mitihani huku jicho liko kwenye matangazo ya umeneja wa bidhaa, yaani kuongoza timu inayotengeneza apu, njia hiyo nshaipita.

Anza na sivii. Ile orodha ya makala kurasa nne itoe, hakuna anayeisoma. Andika utafiti wako ulimsaidia nani kuamua nini. Kukaa na wakulima wa mwani ukajua wanakwama wapi, hiyo ndo kazi yenyewe, watu wanalipwa kwa hiyo, nyie mshaizoea tu.

Halafu toka ofisini. Apu yangu ya mwanzo ilikuwa ya hao hao wakulima, tukaweka kikumbusho kila siku saa nne asubuhi wajaze wamefunga kamba ngapi za mwani, mie nikaona hapo data itakuja safi kabisa. Wapi! Nikateremka Paje, bi mkubwa mmoja kanitazama kwa huruma: "Mwanangu, bamvua hii, saa nne maji yamekupwa sote tuko pwani, simu nimeiacha nyumbani isirowe." Na mie mtoto wa pwani, bamvua, yale maji yanayojaa sana na kupwa sana, naijua tangu sijaanza skuli, spredishiti imenisahaulisha.

Kuamua nako kunasumbua. Chuoni sampuli ikiwa ndogo unangoja, huku kwenye apu watu watano wakikwama pale pale, rekebisha leo. Ila kitu kisichorudi nyuma, mfano kufuta rekodi za watu, hapo tumia ile subira yako ya tisisi.

Sasa timu, mana'ke hapa ndo malekchara tunaharibu. Nilikuwa narudisha kazi za madevelopa na maoni mekundu kama insha, baada ya wiki mbili mkutanoni nasema peke yangu, wengine "sawa bosi". Siku hizi napeleka tatizo, sipeleki jibu, na nasema wa mwisho. Niliporudi kutoka Paje niliwauliza timu tu: simu ya yule bi mkubwa iko nyumbani, tufanyeje? Kimya. Nikakaza nisijibu (wallahi ngumu!). Kijana mkimya kuliko wote, mamake mkulima wa mwani Jambiani, kasema usiku baada ya isha mmoja wa kikundi awajazie wenzake wote kwa simu moja, kwani kamba zao wanahesabiana wenyewe.

Tukafanya hivyo. Na kwa bosi nikapeleka jina lake, sio langu.