Jinsi ya Kuandaa Hadithi ya Sauti Itakayowafikia Wasiosikia na Wasioona

Mwongozo huu unawahusu wanaorekodi hadithi kwa Kiswahili hapa Uganda, hasa katika makazi ya wakimbizi kama Nakivale, ambako Kiswahili cha Wakongo husikika kila siku na bando la intaneti hununuliwa kwa kubana matumizi.

Hatua ya 1: Andika nakala ya maandishi kabla ya kuhariri sauti. Katika hadithi yangu ya kwanza niliandika mazungumzo peke yake, na kijana mmoja kiziwi alipoisoma aliniuliza kwa nini mama alizima taa ilhali hakuna lililotokea. Lilikuwa limetokea, ila nililiacha katika sauti. Sasa ninaandika hivi:

[Mlango unagongwa mara tatu. Hakuna anayepiga hodi.]
MAMA (akinong'ona): Zima koroboi.

Sentensi ile ya hodi ndiyo inayobeba hofu yote. Si lazima uandike kila mlio. Andika ule unaobadilisha maana, na utaje jina la msemaji kila sauti inapobadilika.

Hatua ya 2: Chagua lugha kwa kumfikiria msomaji. Viziwi wengi waliosoma Uganda walifundishwa kusoma kwa Kiingereza, kwa hiyo nakala ya Kiswahili pekee huenda isiwafae, na ni vyema kuandaa zote mbili. Lugha ya Alama ya Uganda nayo si Kiswahili kinachosemwa kwa mikono, bali ina sarufi yake, na Katiba ya mwaka 1995 inaitaka serikali iendeleze lugha ya alama. Ukitengeneza video, mpe mkalimani hadithi siku kadhaa kabla, mlipe kama unavyomlipa mwigizaji, na umpige picha kuanzia kiunoni hadi juu ya kichwa, akiwa amevaa nguo ya rangi moja inayotofautiana na mikono yake. Maandishi ya chini yasizidi mistari miwili wala yasimfunike.

Hatua ya 3: Punguza muziki. Miongozo ya kimataifa ya ufikivu wa wavuti inapendekeza sauti za nyuma ziwe chini ya usemi kwa angalau desibeli 20. Watayarishaji wengi huona hapo hadithi imepooza, nami niliona hivyo, mpaka nilipoisikiliza kwa spika ya simu ndogo kandokando ya boda boda.

Hatua ya 4: Hifadhi faili katika MP3 ya mono (yaani mkondo mmoja wa sauti badala ya miwili) ya kilobiti 64 kwa sekunde; dakika 30 zitachukua takriban megabaiti 14. Nakala iwe maandishi halisi, kwa kuwa picha ya ukurasa haimwambii lolote mtu anayetegemea programu ya kusoma skrini. Kitufe cha kuchezesha kiandikwe jina lake, na picha ya jalada ielezwe kwa sentensi moja.

Hatua ya 5: Jaribu na wenyewe. Mkabidhi asiyeona simu iliyowashwa TalkBack, programu ya kusoma skrini ya simu za Android, mlipie nauli yake, umwombe aitafute hadithi mwenyewe kisha uketi kimya bila kumwelekeza. Andika kila mahali kidole chake kinaposita, na urekebishe hapo kabla ya kumwita msikilizaji wa pili.