Kabla Hujanunua Boti ya Kuishi Mferejini Uingereza

Kila kodi ya nyumba inapopanda London, hakosekani mmoja wetu sisi wahamiaji wa kusema: bora ninunue boti nikaishi mferejini. Wazo si baya. Mimi nimo botini mwaka wa sita huu na sitamani kurudi kwenye ghorofa. Lakini nimeona jamaa wawili wakinunua kwa pupa, na wote walikwama mahali pamoja: walipenda jiko na vitanda, wakalipa, ndipo wakaanza kuuliza boti itakaa wapi na chini yake pakoje. Maswali hayo mawili ndiyo ya kwanza. Mengine yote, hata rangi ya makabati, yanaweza kusubiri.

Tuelewane kwanza ni chombo gani. Mifereji hii ilichimbwa kwa ajili ya kusafirisha makaa ya mawe, udongo wa vyungu na bidhaa za viwandani. James Brindley, mhandisi aliyeanzisha mfereji wa Trent and Mersey uliojengwa kati ya 1766 na 1777, alizipa loki zake upana wa futi 7 hivi, na mifereji mingi ya katikati ya Uingereza ikafuata kipimo hicho. Loki ni kama kisima kirefu cha matofali chenye milango mbele na nyuma. Boti huingia, milango hufungwa, maji huongezwa au hupunguzwa, nayo hupanda au hushuka mlima taratibu. Ndiyo maana boti nyembamba za kuishi zina upana wa futi 6 na inchi 10, yaani mita 2 na sentimita 8. Ukitoa unene wa kuta, ndani unabakiwa na chini ya mita 2. Simama katikati unyooshe mikono: vidole vinakaribia kugusa kuta zote mbili.

Urefu hufika futi 70 na kidogo, lakini wengi huchagua futi 57, kwa kuwa baadhi ya loki za kaskazini ni fupi na boti ya kipimo hicho hupita karibu kila mahali. Zipo pia boti pana, za futi 10 mpaka 12, na kwa mwenye watoto zinavutia kweli. Jua tu kwamba hazipiti kwenye loki za futi 7. Ukiinunua kusini, kusini ndiko kwako, na kuihamishia kwingine huenda ukahitaji kreni na lori.

Sasa pa kukaa. Mifereji mingi ya England na Wales iko chini ya Canal & River Trust, shirika la hisani lililopokea kazi hiyo mwaka 2012 kutoka kwa British Waterways. Sheria ya mwaka 1995 inakupa njia mbili. Ama uwe na maegesho ya kudumu, ama uwe msafiri wa kudumu: huna maegesho, lakini hukai sehemu moja zaidi ya siku 14, na safari yako iwe safari ya kweli. Kusogea mita mia mbele kisha ukarudi palepale hakuhesabiwi. Shirika huangalia mwendo wako wa mwaka mzima, na anayezunguka ndani ya maili zisizofika 20 anajiweka kwenye hatari ya kunyimwa leseni.

Hebu yaone maisha hayo kwa mtu halisi. Mtoto anasoma Hackney, mtaa wa London. Wiki mbili hizi mko karibu na shule, wiki mbili zijazo mko mbali kwa treni mbili. Mama anayefanya zamu za usiku hospitalini anatoka kazini asubuhi, macho mazito, na siku yake ya 14 ndiyo hiyo: lazima aiondoe boti, mvua inyeshe isinyeshe. Kwa mtu mmoja anayefanyia kazi kwenye kompyuta, maisha haya yanawezekana na yana raha yake. Kwa familia nasema wazi: tafuta maegesho kwanza, uyapate kwa maandishi, ndipo utafute boti. Na mkataba useme kwamba ni maegesho ya makazi, kwa sababu maegesho mengi ya marina, yaani bandari ndogo za boti, ni ya mapumziko tu na huruhusiwi kuishi humo mwaka mzima. Ya makazi ni adimu London, na bei zake si za mchezo.

Leseni hutozwa kwa ukubwa wa boti. Ya futi 57 inapita pauni 1,000 kwa mwaka. Tangu Aprili 2024 wasafiri wa kudumu huongezewa tozo juu yake, nayo imepangwa kupanda mwaka hadi mwaka. Hupewi leseni bila bima na cheti cha usalama cha Boat Safety Scheme, ambacho hudumu miaka 4.

Kuna jambo linalotugusa sisi wahamiaji kuliko wenyeji: anwani. Msafiri wa kudumu hana msimbo wa posta, na benki, shule na leseni ya udereva vyote vinautaka. Kliniki ya daktari haitakiwi kukukataa kwa kukosa uthibitisho wa anwani, hilo lishikilie. Lakini kama unapanga kumleta mume, mke au mtoto kutoka nyumbani, maombi hayo yanadai uonyeshe makazi ya kutosha. Zungumza na wakili wa uhamiaji ukiwa bado na mkataba wako wa nyumba mkononi. Na ndugu utakayemwomba akupokelee barua awe mtu anayepiga simu siku ileile barua inapofika.

Tuje kwenye bodi, yaani gamba la nje la boti. Boti nyingi za leo ni za chuma, na muuzaji atakuambia kwa fahari kwamba yake ni kumi, sita, nne: milimita 10 chini, 6 ubavuni, 4 kwenye kuta za juu na paa. Hivyo ndivyo ilivyokuwa siku ilipotoka kwa mchomeleaji. Wewe unataka kujua ikoje leo. Ajiri mkaguzi wako mwenyewe, asiwe wa muuzaji, na boti itolewe majini.

Nakumbuka nilivyosimama kwenye gati kavu chini ya boti ya kwanza niliyoitaka. Mkaguzi alikwangua lami, doa dogo la ukubwa wa sarafu, akabandika kipimo chake cha mawimbi ya sauti, akasoma: 5.8. Akasogea hatua moja: 5.6. Alipofika tezi, kule nyuma karibu na propela, kwenye mstari wa maji, akakwangua tena na pakatokea vishimo vishimo kama makovu ya ndui. 3.4. Akachukua nyundo, chuma kilichokuwa kikilia kama kengele kule omo, mbele, hapa kilitoa mlio mfu. Jiko la boti ile lilikuwa zuri ajabu, sinki la kaure na kaunta ya mbao ngumu. Nikaiacha. Bima nyingi hazitaki kusikia habari za bodi iliyoshuka chini ya milimita 4 mpaka lichomelewe bamba jipya juu yake, na kazi hiyo inakula maelfu ya pauni.

Kwetu pwani jahazi hukokotwa nchi kavu likakalafatiwa na kupakwa deheni. Hizi nazo zina deheni yao, lami nyeusi ya kila miaka 2 au 3. Ubavuni huchomelewa vipande vya magnesiamu ili vyenyewe viliwe na kutu badala ya bodi. Uliza vilibadilishwa lini. Ukiunganisha umeme wa gatini, weka kifaa cha kuzuia ule mkondo mdogo unaoleta kutu usipite kwenye waya wa ardhi, la sivyo vipande vyako vitaliwa kwa ajili ya boti za majirani, kisha ifuate zamu ya bodi lako.

Karatasi hazina mambo mengi, lakini zisome. Hakuna hati miliki kama ya nyumba, na jina kwenye leseni si ushahidi wa umiliki. Dai mkataba wa mauzo ya nyuma, risiti, na tamko la maandishi kwamba boti haina deni. Mkopo wa kawaida wa nyumba hupati. Mikopo ya boti ni ya muda mfupi na riba yake ni kali. Amana, mara nyingi asilimia 10, iandikwe kwamba itarudi ukaguzi ukifeli. Na usitume hata pauni moja kwa boti ambayo hujakanyaga ndani yake.

Ukiamua kununua bodi tupu lenye injini ukalijenge mwenyewe, fuata mpangilio, maana kila kosa linafunikwa na mbao na kulifikia baadaye ni kubomoa. Kwanza farumi: matofali mazito au vigae vya saruji sakafuni, ili boti ikae sawa majini. Panga kichwani uzito wa kila kitu kabla hujafunga msumari. Jiko, friji na betri zikiwa upande mmoja, boti italala upande huo. Tangi la maji huwa omo, na likiisha maji pua ya boti huinuka. Utaliona hilo bafuni, maji ya kuoga yatakapogoma kuelekea kwenye tundu lake. Kisha kihami joto. Povu la kupuliziwa ni ghali kuliko vipande vya polisterini, na kwa maoni yangu ndilo la kulipia, kwa sababu linashikamana na chuma na kuziba kila upenyo. Nyaya zipite ndani ya mabomba yake. Waya wa PVC ukigusana na polisterini hukakamaa na kupasuka kadiri miaka inavyokwenda.

Umeme wa botini hautoki ukutani, lazima uutengeneze. Andika kila kifaa chako, wati zake na saa unazokitumia kwa siku, ndipo ununue betri. Betri za asidi hazipendi kushushwa chini ya nusu. Za lithiamu zinavumilia zaidi ila ni ghali, na altaneta ya injini inahitaji kulindwa zisiichoshe. Sola inakulea kuanzia Aprili mpaka Septemba. Desemba jua likionekana ni saa chache, nawe utawasha injini, na si kati ya saa 2 usiku na saa 2 asubuhi, maana majirani wamelala. Pasi, birika la umeme na kikaushia nywele viache nchi kavu.

Choo ni ama tangi linalonyonywa kwenye marina, ama kaseti unayoibeba mwenyewe mpaka kwenye sehemu ya kumwagia, ama choo kikavu kinachotenganisha mkojo. Nilianza na tangi. Mwaka wa kwanza mfereji uliganda, nikakaa siku tisa siwezi kwenda kunyonywa, na tangi lilijaa siku ya sita. Sasa nina kaseti mbili, ya tatu ya akiba.

Hapa kwenye gesi na moto naomba usome polepole. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja nyumbani, huenda ikatokea chini ya mlango. Ikivuja botini, inashuka kwenye ngama, chini kabisa ya boti, na kukaa humo ikisubiri cheche. Ndiyo maana mitungi hukaa kwenye feuli, chumba chake kidogo cha omo, yenye matundu ya kutolea gesi nje juu ya mstari wa maji. Chukua mitungi myekundu ya propeni. Butani ya mitungi ya buluu hugoma kugeuka gesi baridi ikikaribia sifuri. Kazi ya mabomba mpe fundi aliyesajiliwa Gas Safe mwenye idhini ya kufanyia kazi boti, hata kama binamu yako alifunga mitungi Dar es Salaam miaka ishirini.

Na mkaa. Wengi wetu tumekua tukiona jiko la mkaa likiingizwa chumbani usiku wa baridi, mlango ukiachwa wazi kidogo. Botini usifanye hivyo hata kwa dakika tano, hata kama makaa yanaonekana yamezimika. Chumba ni kidogo, kimezibwa, na hewa ya sumu ya mkaa, kaboni monoksaidi, haina harufu. Watu wamekufa kwenye boti za nchi hii kwa majiko ya kuchomea nyama yaliyoingizwa ndani ili kupasha joto. Kinachopasha joto ni jiko la chuma lenye bomba linalotoka paani, linalokula kuni kavu au makaa yasiyo na moshi, na bomba hilo lisafishwe. King'ora cha kaboni monoksaidi ni sharti la cheti cha usalama tangu Aprili 2019. Weka kimoja karibu na jiko na kingine mnapolala, na ukibonyeze kila wiki.

Kabla ya yote haya, kodi boti ya mtu wiki moja mwezi wa Januari au Februari. Zipo kampuni chache zinazokodisha hata baridi. Kabla hujaondoka uliza loki zipi zimefungwa, kwani matengenezo makubwa hufanywa kati ya Novemba na Machi na njia uliyoipanga inaweza kuwa haina maji. Vaa jaketi la kuokolea kwenye loki. Maji ya mferejini mara nyingi hayafiki kifuani, ya loki yanakuzamisha. Mnaposhuka, boti ikae mbele ya mstari mweupe uliochorwa ukutani, usije usukani ukakalia kizingiti cha mlango wa nyuma huku maji yakiondoka chini yako. Jaza tangi kwa mpira, chota majivu ya jiko alfajiri, beba kaseti mpaka mwisho wa njia. Usiku wa pili pika ugali na samaki madirisha yakiwa yamefungwa, mlale, na asubuhi uinue godoro uguse upande wake wa chini uone kama umelowa kwa mvuke.