Kupanga silaha za roboti la tani 50: anza na joto, mzinga baadaye

Mwongozo huu ni wa BattleTech, mchezo wa maroboti ya vita uliozaliwa Marekani mwaka 1984, na hapa tunauchezea kwenye MegaMek, programu ya bure ya kompyuta. Haihitaji kadi ya michoro. Laptop ya kawaida ya mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) yenye Java inatosha, bando linaliwa siku ya kupakua tu, na watu wawili wanaweza kupambana kwa hotspot ya simu. Roboti lenyewe unaliunda kwenye MegaMekLab, programu dada yake.

Hatua ya 1: Toa uzito usiokwepeka

Tunaunda roboti la tani 50 linalotembea heksi 4 (vyumba vya pembe sita vya ramani) kwa zamu. Mifupa inachukua tani 5, injini ya kiwango cha 200 tani 8.5, jiroskopu 2, chumba cha rubani 3. Jumla 18.5, zimebaki 31.5. Ni kama lori la mahindi la Kibaigwa mbele ya mizani: nusu tani ikizidi, hupiti.

Injini ya XL, aina nyepesi, itakushawishi kwa sababu ina tani 4.5 tu. Iache. Inachukua nafasi 3 za vifaa katika kila ubavu, kwa hiyo ubavu mmoja ukibomoka injini imekufa na roboti limekwisha, hata kama kifua hakijaguswa.

Hatua ya 2: Deraya (bamba za kinga)

Weka tani 10, yaani pointi 160. Kichwa 9, kifua 25 mbele na 6 mgongoni, kila ubavu 18 mbele na 6 nyuma, kila mkono 14, kila mguu 22.

Wengi huiba pointi za kichwa ili waongeze kwingine. Kichwa kina pointi 3 tu za mifupa. PPC, mzinga wa miale ya chembe, unapiga 10: ukiwa na deraya 9, kwa kawaida rubani anabaki hai; ukiwa na 7, pigo moja limemaliza mchezo wako.

Hatua ya 3: Silaha

Sasa una tani 21.5, na hapa ndipo mapambano mengi yanaposhindwa kabla hayajaanza. Usiulize silaha ipi ina nguvu. Uliza zipi zitafyatuliwa pamoja, kwa umbali upi, na joto lake litakwenda wapi.

- PPC 1: tani 7, joto 10, inafika heksi 18
- Leza za kati 3: tani 1 na joto 3 kila moja, pigo 5, heksi 9
- SRM 6 (kirusha makombora sita ya masafa mafupi): tani 3, joto 4, heksi 9, ongeza tani 1 ya makombora, mara 15 za kufyatua
- Vipoza joto 7, tani 1 kila kimoja, na kila kimoja kinaondoa joto 1 kwa zamu. Kumi vinakuja bure na injini, jumla 17
- CASE (kasha linaloelekeza mlipuko wa makombora nje ya roboti): nusu tani

Adui akiwa mbali, PPC pamoja na kukimbia ni joto 12. Akisogea, leza tatu (9), SRM (4) na kukimbia (2) ni 15. Kote uko chini ya 17. Ukifyatua zote kwa pamoja ukikimbia unafika 25, ziada ya 8: mwendo unapungua na shabaha inaharibika. Ziada ikifika 14 injini inaweza kuzima, ikifika 19 makombora yanaweza kulipuka, na kwenye 30 injini inazima bila mjadala. PPC yenyewe hupoteza shabaha adui akiwa ndani ya heksi 3, kwa hiyo kuinyamazisha karibu si hasara kubwa.

AC/20, mzinga mzito wa risasi, inapiga 20, ni kweli. Lakini ni tani 14, risasi 5 kwa kila tani, na haivuki heksi 9. Kwenye ramani ya mji inatisha. Kwenye uwanda, adui mwenye akili atakaa heksi ya 10 akubomoe taratibu.

Hatua ya 4: Kila kitu kikae wapi

PPC iende mkono wa kulia. Leza mbili zijaze nafasi mbili za kifuani, ya tatu mkono wa kushoto. SRM, makombora na CASE vikae ubavu wa kushoto.

Injini hii inameza vipoza joto 8. Vilivyobaki 9 vinahitaji nafasi. Weka 6 ubavu wa kushoto, jirani na makombora, na 3 kulia. Sababu ni hii: deraya ikishatoboka, dadu huchagua kitu cha kuharibu, na likiangukia nafasi tupu linarushwa tena. Makombora yakikaa peke yake, yatapigwa tu. Tani nzima ya SRM 6 ikilipuka ni pigo la 180. Bila CASE linaingia kifuani na kuua roboti. Ukiwa nayo unapoteza ubavu na mkono wa kushoto, na PPC bado inafanya kazi upande wa kulia.

Kuficha makombora mguuni hakusaidii vile watu wanavyodhani. Mlipuko unapanda ubavuni hadi kifuani, na CASE hii haiwekwi mguuni.

Hatua ya 5: Jaribu

Pambana na Princess, mpinzani anayeendeshwa na kompyuta, kwenye ramani ya wazi, kisha ya mji. Kila zamu soma kipimo cha joto. Kama ziada haifiki 5 hata kidogo, toa kipoza joto kimoja cha kulia, uweke leza ya nne mkono wa kushoto: adui akiwa karibu utakuwa na joto 18 dhidi ya vipoza 16, ziada ya 2 isiyo na adhabu yoyote.