Kadi ya mkopo ya Venture au Quicksilver? Shika kalamu kwanza

Mlioko Marekani, msivutwe na picha ya ndege kwenye tangazo. Quicksilver ya benki ya Capital One inakurudishia asilimia 1.5 ya kila unachonunua, bila ada ya mwaka. Venture, ya benki hiyo hiyo, inatoa maili 2 (pointi za safari) kwa kila dola, ila ada yake ni dola 95. Maili moja ukilipia safari ni kama senti moja, kwa hiyo maili 2 kwa dola ni asilimia 2. Ukiacha bonasi ya kujiunga, Venture inaizidi Quicksilver kwa nusu asilimia tu: kuirudisha hiyo 95 utumie dola 19,000 kwa mwaka! Na maili ukizigeuza taslimu, thamani inakatwa nusu.

Zote hazitozi ada ukinunua nje ya nchi. Mashine ya supamaketi Nairobi ikiuliza dola au shilingi, bonyeza shilingi.