SOMO: Kufundisha kompyuta kujikusanyia maarifa kwa kusoma Kiswahili kila siku

Swali la jinsi ya kuifanya kompyuta isome Kiswahili na kujikusanyia maarifa yenyewe linarudi kila wiki kwenye kundi letu la Kisumu, kwa hivyo naliandika hapa mara moja. Wazo lenyewe si geni: mwaka 2010 Tom Mitchell na wenzake wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, waliwasha NELL, programu iliyosoma kurasa za intaneti usiku na mchana. Yetu ni ndogo, ya Kiswahili.

1. Weka Python, lugha ya kuandikia programu, kwenye kompyuta yako.

2. Chagua kategoria chache: mji, ziwa, samaki.

3. Kila kategoria ipe mifano kumi hivi. Kwa samaki: mbuta, ngege, omena, kamongo...

4. Programu itafute sentensi zenye mifano hiyo, ijifunze maneno yanayoizunguka ("samaki kama ___"), kisha itumie maneno hayo kunasa majina mapya.

5. Chuja kabla ya kuhifadhi. Wengi huharibikiwa hapa. Sentensi "waliuza samaki kama kawaida" itakupa samaki anayeitwa kawaida. Kesho programu itakuta "siku ya kawaida", ijifunze "siku ya ___", na Jumapili na harusi zote zitakuwa samaki. Kosa huzaa kosa. NELL ilijikinga kwa kubananisha kategoria: kilicho samaki hakiwezi kuwa mji wala siku. Fanya hivyo, na usikubali jina lililonaswa kwa maneno ya aina moja tu, kama "samaki kama ___" peke yake. Pitia majina mapya kwa macho yako kabla ya mzunguko unaofuata. NELL nayo ilihitaji watu wa kuisahihisha.

6. Iweke ijiendeshe kila usiku.

MASWALI

— Haifanyi kazi. Nisaidie haraka.
Umefika hatua gani? Skrini inasema nini?

— Hatua ya 5 inachelewesha. Naweza kuiruka?
Hapana. Isome tena.

— Mwalimu, mimi niko Nakuru. Nakuru ni mji na pia ni ziwa. Si programu itakataa mojawapo?
Swali zuri sana. Itakataa, ndiyo. Tenganisha jina na kitu: hifadhi Nakuru mbili, na maneno ya jirani yaamue, "Ziwa Nakuru" au "wakazi wa Nakuru". Hifadhi pia tarehe ya habari. Nakuru ilipewa hadhi ya jiji Desemba 2021, kwa hivyo habari ya 2015 inayoiita mji haijakosea.

— Nisome wapi bila kumaliza bando?
Wikipedia ya Kiswahili hupakuliwa yote kwa pamoja. Anza nayo. Kwenye tovuti za habari, pumzisha programu sekunde kadhaa kati ya kurasa, usiwalemee.

— Yangu imeleta sangara na mbuta kama samaki wawili.
Ni mmoja. Magazeti ya Tanzania huandika sangara. Tengeneza orodha ya majina pacha, na ukiimaliza iweke hapa, sote tunaihitaji.