Rangi ya kiraka cha mlango wa bibi

Mlango wa nyumba ya bibi yangu, Mji Mkongwe Unguja, ni wa msaji, wenye nakshi kwenye miimo na mfaa, ule mti wa katikati. Masika yaliyopita ubao mmoja ulikuwa umeoza chini, pale maji ya mvua yanaporukia kutoka barazani. Fundi akakata palipooza akaunga kipande kipya cha msaji. Kipande kikang'aa manjano, na mlango wenyewe ni kahawia iliyokolea.

Nikaenda dukani, nikaona kopo la rangi ya mbao limeandikwa mahogani, nikalipenda. Nilipopaka, kipande kikatoka chekundu cha tofali, na kesho yake bado kilikuwa kinanata kidoleni.

Jambo la kwanza basi: ijue mbao yako. Tafuta pasipoonekana, nyuma ya bawaba kwa mfano, ukwangue kidogo kwa wembe. Msaji una mafuta yake, ukiushika unayahisi, na mafuta hayo huzuia rangi kupenya na kukauka. Mvule mpya ni wa manjano, lakini mwanga utaugeuza kahawia wenyewe. Mninga una wekundu wake tayari, ukiuongezea wekundu mwingine umeuharibu. Paini hunywa rangi kwa mabaka, pengine nyingi pengine kidogo, kwa hiyo huanzishiwa sila nyepesi, ya kuziba vinyweleo.

Tena rangi hiyo ni ya kiraka, si ya mlango mzima. Hapa nasisitiza, maana nimeona milango mizuri imepakwa yote rangi nzito mpaka nakshi zimejaa utope mweusi. Mbao kuukuu ina rangi iliyoipata kwa miaka mingi. Isafishe, ilishe mafuta, iache. (Ukikuta rangi ya mafuta ya zamani juu yake, usiipige msasa mkavu. Huenda ina madini ya risasi, na vumbi lake ni sumu, hasa kwa watoto. Ilowanishe, uvae barakoa.)

Ili uone rangi unayoifuata, pangusa mlango kuukuu kwa kitambaa chenye tapentaini. Wakati bado umelowa, hivyo ndivyo utakavyoonekana ukishapata mafuta. Wangu ulitoka kahawia ya tende, bila wekundu wowote. Nikarudi dukani, mara hii na kibanzi cha ule mlango mfukoni, nikachukua kopo la walnati, kahawia isiyo na wekundu.

Jina la kopo lisikutie haraka. Cha kuuliza ni kama rangi imetengenezwa kwa chembe zinazokaa ndani ya vinyweleo vya mbao, au ni ile ya unga inayokorogwa kwa spiriti. Ya unga ni nzuri kwa kabati la ndani, lakini mlango unaopigwa jua utaipausha upesi.

Kisha jaribu. Omba fundi akuachie kipande kilichobaki cha mbao ileile, ukipige msasa namba ileile utakayotumia mlangoni. Tulitumia 120, ukienda 220 mbao inakuwa laini mno na rangi inapungua. Nilikigawa sehemu nne: walnati tupu, walnati na tapentaini nusu kwa nusu, moja kwa tatu, na ya mwisho bila rangi, mafuta tu. Nikakiacha siku nzima, halafu nikakiegemeza mlangoni asubuhi na tena alasiri. Usiamue chini ya taa. Nusu kwa nusu ilikaribia kabisa, lakini nilichagua moja kwa tatu, kwa sababu kukoleza baadaye ni rahisi, kupunguza ni mpaka msasa.

Siku ya kupaka fundi aliniambia, "Mwanangu, yafute mafuta yake kwanza, na usiende kunywa chai ukarudi." Kiraka kilikwisha kupigwa msasa kuondoa ule wekundu wa kwanza. Tukakifuta kwa thina, ilipokauka tu tukapaka kabla mafuta hayajapanda tena, kufuata nyuzi za mbao, na baada ya dakika kumi tukapangusa iliyobaki juu. Safari hii haikunata.

Juu yake sikuweka vanishi. Kwa jua na chumvi ya bahari hubanduka, na kuibandua ndani ya nakshi ni adhabu. Niliweka mafuta ya kitani, tabaka mbili nyembamba. Vitambaa vyake usivikunje ukavitupa ndani: hujipasha moto vyenyewe hadi kuwaka. Nilivitandaza uani vikakauka.

Sasa ukisimama barazani kiungo hukioni. Ukipitisha kidole chini kidogo ya komeo, hapo ndipo unakigusa.